Mstari wa Kumi na Moja

Karatasi ilikuwa na mistari kumi na moja. Mimi nilisoma kumi.

Mashine ilikuja likizo ya Agosti. Kijiji chetu kiko mbele ya Kotile, na dispensari yetu ina vyumba vitatu: cha sindano, cha akina mama kujifungua, na kimoja kilichokuwa stoo ya magunia ya unga wa msaada. Hiyo stoo ndiyo ilifanywa maabara. Gari lilifika na askari wawili wa kusindikiza, na fundi wa Nairobi akashuka amekumbatia sanduku kifuani kama mtu aliyebeba mtoto amelala. Ndani kulikuwa na maikroskopu. Kwenye kitabu cha shule inaitwa hadubini, lakini kwetu mpaka leo inaitwa mashine tu.

Fundi aliifunga haraka haraka. Askari walikuwa nje wanapiga honi, hawakutaka giza liwakute barabarani. Sista Ruweyda, nesi wetu, alikuwa ameenda kuchanja watoto wa wafugaji. Basi fundi akatoa karatasi moja ya Kiingereza akampa mwenyekiti wa kamati.

"Haya ni masharti ya chumba," akasema. "Hii mashine ni macho, mzee. Chumba kikiwa kibaya macho yanaharibika, na hamtajua yameharibika. Taa itaendelea kuwaka kama kawaida."

Akaingia kwenye gari, wakaenda.

Mwenyekiti ni adeer Korane; adeer ni ami, ndivyo tunavyowaita wazee. Aliigeuza ile karatasi mbele na nyuma, akauliza nani hapa anajua Kiingereza. Wazee saba walikuwa wamekaa kwenye mkeka, na nyuma yao nusu ya kijiji. Mimi nilirudi pole pole nyuma ya tangi la maji.

"Huyu hapa!" dada yangu Fartun akapiga kelele, akanivuta mkono. "Nimo ni namba moja Form Two. Lakini mtafute ufunguo, huyu mdomo wake uko na kufuli."

Watu wakacheka. Fartun alikuwa na miaka kumi na tisa, anauza chai na maziwa pale kisimani, na maneno yake yalitutosha sisi wawili. Dukani yeye ndiye aliniombea sukari. Mwalimu akinisimamisha njiani kuniuliza kitu, yeye ndiye alijibu. Mimi nikiwa mbele ya watu sauti inashuka tumboni na inakaa huko.

"Soma, abaayo," akaninong'oneza. Hivyo ndivyo tunavyoitana, dada kwa dada. "Hawakuli."

Nikasoma. Nilisoma kwa Kiingereza, halafu nikasema kwa Kisomali, macho yangu kwenye karatasi. Mstari wa kwanza ulisema mashine ikae juu ya meza nzito isiyotikisika. Adeer Korane akasema meza itajengwa kwa simenti, yeye mwenyewe ana mifuko mitatu aliyoweka ya sakafu yake. Wa pili ulisema pasiwe na injini karibu ya kutetemesha chumba.

"Na kinu changu cha posho?" mzee Dubow akauliza. Kinu chake kilikuwa ukuta kwa ukuta na dispensari.

"Kinu chako kinatetemesha mpaka meno yangu," adeer Korane akasema. "Kitahama."

"Meno yako yalihama zamani, Korane, usisingizie kinu."

Wakacheka tena, na mimi nikapata pumzi. Nikasoma vumbi: dirisha lifungwe kabisa, mlango uwekwe pazia. Nikasoma jua lisiingie moja kwa moja. Nilipofika kwenye joto lisizidi digrii thelathini na tano, mzee mmoja akasema, "Waambie watuletee na hiyo hewa yao," lakini wakakubaliana kuweka dari, na juu ya mabati waweke mikeka. Nikasoma unyevu, nikasoma umeme usiruke ruke, nikasoma mashine ifunikwe kama haina kazi. Dawa kali zikae chumba kingine. Wa kumi ulisema mahali pasiwe njia ya kupita pita, na hapo wazee wakaongea muda mrefu, kwa sababu ng'ombe wote wakienda kisimani wanapita nyuma ya ule ukuta. Mwishowe wakasema njia ya ng'ombe itahamishwa.

Hapo ndipo hooyo akatoka ndani. Hooyo ni mama yangu, Safiyo, yeye ndiye msafishaji wa dispensari. Alikuwa ameshika dabqaad, kile chetezo cha udongo cha kufukizia, na moshi wa uunsi, manukato yetu ya kuchoma, unapanda mbele ya uso wake. Alikuwa amevaa garbasaar, mtandio wake mkubwa wa Idi. Chumba cha stoo kilinuka panya na unga wa zamani, na mgeni mkubwa kama huyo hawezi kuingizwa kwenye nyumba inanuka.

"Mashaallah, Safiyo," adeer Korane akasema. "Wewe ndiye umemkaribisha mgeni vizuri. Sisi wengine tunabishana na kinu."

Wazee wote wakamsifu. Hooyo akainamisha kichwa, lakini nilimwona anatabasamu. Hooyo hasifiwi mara nyingi. Watu humwona na ndoo tu.

Mimi nilikuwa nimeshafika mstari wa kumi na moja. Ulisema hivi: ndani ya chumba hicho na cha jirani msivute sigara wala msichome kitu chochote, hata ubani na udi, kwa sababu moshi unaacha utando kwenye vioo.

"Kumebaki?" adeer Korane akaniuliza.

Wazee saba wananiangalia. Hooyo amesimama na dabqaad mkononi.

"Imeisha," nikasema.

*

Niseme ukweli, siku hiyo sikuona kama nimefanya kitu kibaya. Nilijiambia uunsi ni moshi mdogo. Nilijiambia nitamwambia hooyo nyumbani, sisi wawili, asiaibike. Tulipofika nyumbani alikuwa bado anasimulia jirani vile Korane alisema, na sikumwambia.

Wiki iliyofuata Sista Ruweyda alirudi akaitaka karatasi.

"Nimeiacha nyumbani," nikasema.

"Basi wewe una mwandiko mzuri. Iandike kwa karatasi ya manila, herufi kubwa, Kiswahili na Kisomali, tuibandike ukutani. Kila mtu asome."

Alinipa manila na kalamu za rangi. Niliandika siku mbili. Niliandika mistari kumi, na chini pakabaki nafasi tupu, wazi, kama jino lililong'oka. Nikachora ua hapo. Ua jekundu na majani mawili. Sista akasema ni zuri sana. Ile karatasi yenyewe niliiweka ndani ya kamusi yangu nikaifunga.

Na watu walifuata yote. Hicho ndicho sijui nikiweke wapi mpaka leo. Adeer Korane alitoa simenti yake, na sakafu yake bado ni mchanga. Kinu cha Dubow kilihamia upande wa pili wa msikiti. Jenereta ya kisima haikuweza kuhama, kwa hivyo siku za maabara ikawa inazimwa kutoka saa nne mpaka saa saba, na ng'ombe wanasimama juani wanalia na kiu, na wafugaji wanatukana lakini wanangoja. Yote kwa sababu msichana wa Form Two alisoma kwa karatasi.

Wa kuitumia mashine alikuwa Komora, mtu wa maabara, Mpokomo wa kule mtoni. Alikuwa anakuja na pikipiki Jumatatu na Alhamisi, siku nyingine ana vituo vingine. Wazee walimpenda kumchokoza.

"Komora, umekula samaki tena? Ng'ombe wangu wanakimbia harufu yako."

"Hao wanakimbia wewe, mzee. Wamekuona umeshika kisu."

Jumapili na Jumatano jioni, hooyo alipiga deki maabara, halafu akafukiza, ili Komora akija kesho akute chumba kinanukia. Uunsi wa hooyo si ubani mkavu. Anaupika mwenyewe na sukari na marashi mpaka unakuwa kama peremende, ndiyo maana moshi wake unanata kwenye nguo wiki nzima. Na dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu ya vumbi, kama nilivyosoma. Moshi haukuwa na pa kutokea.

Jumapili moja nilienda kumsaidia ndoo. Nikamwona anavua ule mfuko wa plastiki wa mashine na kupitisha dabqaad chini yake, polepole, huku na huku, vile tunavyofukiza shela ya bibi harusi.

"Hooyo, kwa nini umeifunua?"

"Mgeni anafukizwa akiwa na kabuti?" akasema.

Nikasema, sauti ndogo, "Labda moshi si mzuri kwa mashine."

Akageuka akaangalia manila yangu ukutani. Hooyo hasomi, lakini anaheshimu maandishi. "Imeandikwa pale?"

Niliangalia ua langu.

"Hapana," nikasema.

"Basi."

*

Fartun alianza kukohoa Septemba. Mwanzo tulisema ni moshi wa jiko la chai. Yeye mwenyewe alifanya mchezo, akikohoa anawaambia wateja, "Subirini, redio inatafuta stesheni." Baadaye shati likaanza kumpwaya, bangili ikawa inateleza mpaka kiwiko. Usiku jasho lake lilikuwa linalowesha mpaka upande wangu wa mkeka. Alikuwa na mpango wa kwenda Ifo, kambi ya wakimbizi, shangazi yetu eeddo Raho ana duka huko na alitaka msichana anayejua kuongea na watu. Begi lake lilikuwa tayari, chini ya kitanda cha hooyo.

Mwanzo wa Oktoba Sista Ruweyda akamwambia atoe makohozi apimwe TB. Hooyo hakulala. TB kwetu ni neno la kufungiwa mlango, watu hata kikombe chako hawagusi. Alhamisi mchana Komora akatoka na daftari.

"Hakuna kitu," akasema. "Sijaona mdudu hata mmoja. Ni kifua cha kawaida, atapewa dawa ya siku saba."

Hooyo alimshika Komora mkono na mikono yake miwili, na akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Daktari, Mungu akubariki wewe na hii mashine yako. Mimi nitaosha haba kila siku bila bure, walahi."

Jumapili ile alichoma uunsi mara mbili.

Mimi nilifurahi zaidi ya wote. Nilisema kichwani, unaona? Moshi haukufanya kitu. Mashine inaona.

Dawa ya siku saba iliisha na Fartun akazidi. Mwisho wa Oktoba akapimwa tena. Mimi ndiye nilipeleka ile chupa asubuhi, na nikasimama mlangoni nikimwangalia Komora. Aliinama kwenye mashine muda mrefu. Akainuka, akafuta kioo cha juu na pindo la shati, akainama tena.

"Hii mashine ina macho ya mzee," akasema, si kwangu, kwake tu. "Kama niko ndani ya ukungu. Ni unyevu, mvua iko karibu. Na karatasi za kufutia nimeomba tangu mwezi wa tisa, hazijaletwa." Akavuta hewa puani. "Lakini chumba chenu kinanukia, wallahi. Vituo vyangu vingine vinanuka popo."

Akaandika tena: hakuna kitu.

Ningesema hapo. Tulikuwa wawili tu, hapakuwa na wazee, hapakuwa na hooyo. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema, "Kwaheri."

Komora alisema makohozi mengine yapelekwe Garissa, kuna mashine kubwa huko haikosei. Yakawekwa kwenye kisanduku cha barafu. Halafu mvua ikaanza, ile mvua kubwa iliyokata barabara zote. Gari la kukipeleka liliondoka asubuhi na kurudi jioni, tope mpaka kwenye vioo, na kisanduku bado kiko kwenye kiti cha nyuma. Dereva alisema mbele ni ziwa, hata lori za miraa zimelala hapo siku nne.

Kwa hivyo macho tuliyokuwa nayo yalikuwa yale tu.

*

Katikati ya Novemba Fartun alikuwa hawezi kutoka nje bila kushikwa. Mashehe walimsomea. Hooyo alimfukizia uunsi ndani ya nyumba, jicho la watu limtoke, na Fartun alikohoa mpaka kikombe kikaonyesha damu. Alasiri moja mvua inapiga mabati, hooyo ameenda kazini, tulikuwa sisi wawili. Nilitoa karatasi kwenye kamusi nikamsomea mstari wa kumi na moja. Nikamwambia yote. Manila, ua, kila kitu.

Nilingoja anipige. Alicheka. Alicheka ile yake ya zamani, kidogo tu, halafu kikohozi kikamkamata na nikamshika mgongo. Mifupa yake ilikuwa kama ya kuku.

"Ua," akasema alipoweza. "Ulichora ua."

"Nisemee, Fartun. Mwambie Komora. Au mwambie hooyo. Wewe ukisema watasikia."

Alitafuta hewa kwanza.

"Mimi nimekusemea tangu uzaliwe," akasema. "Sasa hivi sina pumzi ya kusemea mtu. Nenda."

Ilikuwa Jumanne. Nilingoja mpaka Alhamisi, kwa sababu Komora hakuwepo, lakini pia kwa sababu niliogopa. Hizo siku mbili nazihesabu pia.

Alhamisi Komora alifika kwa miguu, pikipiki imemfia kwenye tope. Nilikuta anaosha magoti kwa kopo. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakapotea. Nikaweka karatasi juu ya meza ya simenti, nikaweka kidole kwenye mstari wa kumi na moja, na nikakaa hivyo kidole kimeganda.

Alisoma. Akaangalia manila ukutani. Akahesabu kwa midomo. Akafika kwenye ua.

"Nimo," akasema.

Alifungua ile lenzi ndefu ya chini, inafunguka kama kizibo cha chupa, akaipangusa na pamba yenye spiriti. Pamba ikatoka na rangi ya chai ya rangi. Akainusa. Akanipa na mimi. Ilinuka nyumbani kwetu. Ilinuka Idi, ilinuka harusi, ilinuka nguo za hooyo.

"Kila wiki nimenusa," Komora akasema. "Kila wiki, na nikasema chumba kizuri." Alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Miaka tisa kwenye hii kazi."

Alisafisha kwa saa nzima, kioo baada ya kioo. Vile vioo vidogo walivyopaka makohozi ya watu havitupwi, vinawekwa kwenye sanduku ili mkaguzi aje avirudie. Akatoa kimoja cha Fartun, cha mwanzo wa Oktoba, akakiweka, akazungusha, akatulia.

"Njoo uone."

Sikuwahi kuangalia ndani ya mashine. Kulikuwa na rangi ya buluu kama maji ya bahari kwenye picha, na ndani yake vijiti vyekundu vidogo, vimelala viwili viwili, vitatu vitatu. Vilikuwa wazi sana. Hata mtoto angeviona.

"Hao ndio," akasema. "Wako hapo tangu kipimo cha kwanza."

Siku hiyo hiyo Fartun alianzishiwa dawa, vidonge vinne kila asubuhi. Dawa ilikuwa kwenye kabati la Sista muda wote huo, hatua ishirini kutoka kwenye mashine. Nilimpelekea mimi mwenyewe na maji.

"Ulisema?" akaniuliza.

"Ndio."

"Kwa mdomo?"

"Kwa kidole."

Midomo yake ilisogea kama anataka kucheka. "Kidole si mdomo, abaayo," akasema. Akameza kimoja kimoja, na kila kimoja kilichukua muda.

Alikunywa dawa siku nane. Ya tisa, Ijumaa, hakuamka kunywa. Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya swala, na kaburi lilikuwa linaingia maji hata wakichimba, ikabidi wanaume wachote kwa karai. Baba alikuwa na ng'ombe msituni, alifika baada ya siku tatu, akasimama mlangoni na fimbo yake akatuangalia mmoja mmoja kama anahesabu mifugo na mmoja hayupo.

Nilimuuliza Komora kama Fartun angepona lau tungejua mapema. Komora anaongea sana, lakini hapo alifunga sanduku lake la vioo na kamba, akafungua, akafunga tena.

*

Komora alikuwa amerudia vioo vyote, arobaini na tatu. Watu wanne wengine walikuwa na vijiti. Mzee mmoja, mke wa dereva, kijana wa dukani anaitwa Abdihafid, na mtoto wa miaka sita, Bishara, binti ya mfugaji anaitwa Yakub. Wote wanne waliambiwa hawana kitu. Wote walikuwa huko nje wanakohoa na kulala na watu.

Kamati iliitwa Jumatano, ndani ya maabara kwa sababu ya mvua, na Komora alikuja kabla ya siku yake. Kabla ya kuingia Komora alinivuta pembeni.

"Nitasema vioo vilikuwa vichafu," akasema. "Sitasema uchafu gani. Mama yako amezika juzi."

Nilikubali. Nilikubali haraka sana.

Wazee walikaa. Komora akaanza kueleza, vioo, uchafu, bahati mbaya, watu wanne watafutwe. Adeer Korane akauliza uchafu umetoka wapi wakati kila sharti limefuatwa. Komora akasema ni unyevu. Mzee Dubow akasema basi kinu chake kilihamishwa bure.

Na hapo pazia likafunguka, hooyo akaingia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi kazini tangu Fartun aanze dawa; alikuwa na nguo za msiba, uso umekauka. Kwa sababu kuna wageni kwenye chumba, na kesho ni siku ya Komora, alikuwa ameleta dabqaad. Makaa yalikuwa mekundu. Alitoa kipande cha uunsi kwenye kikopo.

"Hooyo, usiweke," nikasema.

Wote wakageuka. Ilikuwa sauti yangu, na ilikuwa kubwa. Nilikuwa na karatasi kifuani, ndani ya nguo, na nikaitoa. Sikuangalia mtu. Nilisoma mstari wa kumi na moja kwa Kiingereza. Halafu nikasema kwa Kisomali, taratibu, sigara, kitu chochote, ubani, udi, utando kwenye vioo. Nikasema huu mstari ulikuwepo siku ya kwanza na mimi niliuona na nikasema imeisha.

Mvua tu juu ya mikeka.

Adeer Korane ndiye aliongea kwanza, na hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Tulizima kisima," akasema. "Ng'ombe wamesimama na kiu miezi mitatu kwa maneno uliyosoma. Sasa moshi ndio tungeshindwa kuzima?"

Hooyo alikuwa bado ameshika kile kipande cha uunsi katikati ya vidole viwili.

"Ilikuwa hapo siku ile?" akaniuliza. "Nilipotoka ndani?"

"Ilikuwa hapo."

"Na ulinyamaza kwa sababu yangu."

Hooyo alitoka nje na dabqaad, na tukasikia makaa yanalia kwenye tope. Akarudi na ndoo na sabuni. Wazee wakampisha mlangoni. Akaanza kuosha ukuta, akianzia juu, na kitambaa kilikuwa kinatoka na ile rangi ya chai. Mimi nilichukua kitambaa kingine nikaanza upande wa pili. Hakunifukuza. Hakuongea na mimi pia, siku hiyo na siku nyingi baadaye. Akitaka kitu anasema hewani, "Maji yameisha," na mimi ninakwenda.

Kwenye manila niliandika mstari wa kumi na moja juu ya ua. Wino mweusi haukufunika wekundu vizuri, ukikaribia unaliona.

Mzee na mke wa dereva walianza dawa wiki ile. Abdihafid alikataa mpaka nikaenda dukani mwenyewe nikamwambia mbele ya wateja dada yangu alikufa na nini. Alinitukana, halafu kesho yake akaja.

Aliyebaki ni Bishara. Familia yake walihama kufuata majani mvua ilipoanza. Wengine wanasema walielekea msitu wa Boni, wengine wanasema wameonekana karibu na mpaka. Kila siku nikitoka shule naenda pale kisimani, mahali Fartun alikuwa anauza chai, na kila mfugaji mgeni akileta ng'ombe namfuata, hata kama ni mzee, hata kama wako kumi wananiangalia.

"Adeer, umeona ng'ombe wa Yakub? Ana mtoto wa kike wa miaka sita, anakohoa."

Nauliza kwa sauti, wasikie wote. Wanatikisa kichwa, wanawanywesha ng'ombe, wanaenda.